Nyumba ya Siku Saba

Mazungumzo ya leo ni juu ya kujenga nyumba pamoja: nani anashika mwiko, nani anabeba mawe, nani analipwa, na nyumba ikiisha ni ya nani. Nitaanzia mbali, kwenye televisheni ya Marekani. Kisha nitapita Mbandaka, katika nchi yetu wenyewe. Halafu nitafika kwenye kiwanja chako.

Tangu mwisho wa mwaka 2003 hadi Januari 2012, televisheni ya ABC ya Marekani ilionyesha kipindi kiitwacho Extreme Makeover: Home Edition. Huenda umeona kipande chake kwenye simu ya kijana wako. Watu wa kipindi walichagua jamaa yenye taabu: mjane mwenye watoto wengi, askari aliyerudi na ulemavu, mtoto mgonjwa asiyeweza kupanda ngazi. Jamaa ile ilipelekwa mbali kupumzika kwa juma moja. Huku nyuma mashine zilibomoa nyumba mbovu, na umati wa watu wenye kofia ngumu na fulana za rangi moja ukaingia kazini, mchana na usiku. Mwisho wa juma jamaa ilirudishwa. Basi kubwa lilisimamishwa mbele ya nyumba ili wasiione. Watu wakapaza sauti pamoja kwamba basi liondoke, likaondoka, na hapo kila mtu akalia, hata mtazamaji aliyekaa kwake.

Mambo ya basi mimi hayanishughulishi sana. Machozi ya televisheni hukauka upesi. Kinachotufaa sisi ni kazi iliyofanyika kati ya siku ya kwanza na ya saba, na zaidi ile iliyofanyika kabla ya siku ya kwanza, ambayo kamera haikuipenda.

Maana, ndugu zangu, nyumba haijengwi kwa siku saba. Nyumba kama zile, kwa kazi ya kawaida, huchukua miezi. Iliwezekana kwa sababu kampuni ya ujenzi ya mahali pale ilikubali kubeba mzigo, ikawaita mafundi inaofanya nao kazi kila siku: wa msingi, wa mbao, wa umeme, wa maji, wa paa, wa rangi. Jamaa ilipokuwa inaondoka, ramani ilikwisha kuchorwa. Vibali vilikwisha kushughulikiwa. Vifaa, ambavyo vingi vilitolewa bure na wenye maduka na viwanda, vilikwisha kupangwa, cha kutangulia mbele na cha mwisho nyuma. Fundi wa rangi alijua saa yake, hata kama ilikuwa saa tisa ya usiku, na fundi wa milango alikuwa anangoja nyuma yake. Siku saba zile ni mwisho wa matayarisho marefu.

Nataka machifu walishike jambo hili, kwa sababu huku kwetu nako kuna watu wanaopenda nyumba za picha. Zege ya kawaida huhesabiwa kufikia nguvu yake baada ya siku 28. Katika siku saba za kwanza imepata kama theluthi mbili tu. Ujenzi wa haraka namna ile hutegemea dawa za kuharakisha zege, mashine na wahandisi. Kijiji hakina vitu hivyo. Basi shirika au mheshimiwa akija kusema atasimamisha nyumba kumi kwa juma moja ili zionyeshwe mbele ya wageni, umwulize kwa heshima zege itakomaa lini, na mvua ikinyesha juma la pili ni nani atarudi. Tofali la udongo lililofyatuliwa leo halibebi paa kesho.

Sasa tuwaangalie wale watu wenye fulana. Ukiwatazama kwenye televisheni unadhani wote ni namna moja. Sivyo. Walikuwamo mafundi waliotoa ujuzi wao bila malipo kwa juma lile, watu ambao siku nyingine zote wanaishi kwa kazi hiyo hiyo. Na walikuwamo majirani tu: mwalimu, mchungaji, muuzaji wa duka, mzee aliyestaafu, wanafunzi. Hao wa pili hawakuachwa waguse nyaya za umeme. Walibeba, walifagia, walipanga mbao, walipaka rangi mahali ambapo kosa halidhuru, walipanda majani ya uani, walipika na kugawa chakula. Na kila kikundi kilikuwa na kapita wake. Mtu aliyetaka kusaidia hakuingia kazini na kushika nyundo kwa sababu ya moyo mzuri peke yake. Aliandikwa jina, akapewa kofia, akaonyeshwa mahali pake.

Hapo pana siri ambayo kila fundi wa kwetu anaijua. Fundi bila wasaidizi hupoteza nusu ya siku akifuata maji na mchanga. Wasaidizi bila fundi husimamisha ukuta unaoinama. Wakipatana, mikono isiyojua kitu humfanya fundi awe na mikono kumi. Wasipopatana, kila mmoja humwona mwenzake ni kizuizi: fundi anasema hawa wananiharibia kazi, nao wanasema huyu anajiona. Ugomvi mwingi wa kwenye kazi huanzia hapo. Siku ya pili mtu huutafutia jina la kabila, kumbe ulianza kwa ndoo ya mchanga.

Nyumba saba katika mji uliobomoka

Kipindi kile kilimalizika kwa habari inayotuhusu sisi tuliopoteza makao. Tarehe 22 Mei 2011 dhoruba kali ya upepo wa kuzunguka iliupiga mji wa Joplin, katika jimbo la Missouri. Watu zaidi ya 150 walikufa, na nyumba kama 7,000 ziliharibika kabisa. Mwezi Oktoba mwaka huo watu wa televisheni walifika na kampuni kadhaa za ujenzi na maelfu ya watu wa kujitolea, wakajenga nyumba saba kwa jamaa saba kwa siku saba. Zilionyeshwa Januari 2012.

Fanya hesabu wewe mwenyewe. Nyumba saba, katika mji uliopoteza 7,000. Sisemi hivyo ili kuwadharau. Jamaa saba zilizopata mlango wa kufunga usiku ni watu, wala si hesabu. Lakini kamera ilipoondoka, mji ulibaki na kazi iliyo kubwa mara elfu, na kazi hiyo ilifanywa kwa miaka na watu wa kujitolea wasioonekana popote: waliookota matofali yaliyovunjika, waliofunika mapaa, waliosaidia wajane kuandika barua za bima.

Na huko Joplin walifanya jambo moja ambalo ningependa kila kamati iliige. Waliandika saa. Kila mtu aliyekuja kusaidia aliandikwa jina, siku, kazi na saa alizofanya. Kwa sheria ya Marekani, mji uliopatwa na maafa hupewa msaada na serkali kuu, lakini nao lazima utoe sehemu yake. Saa zile za kujitolea zilihesabiwa thamani na kuingizwa katika mchango wa mji. Jasho lililoandikwa liligeuka fedha. Lisiloandikwa lingekauka tu.

Sisi tunabeba mawe miezi mitatu, kisha mtu anakuja na kibao chenye jina la shirika lake, anakisimika mbele ya shule, na hakuna pahali palipoandikwa kwamba akina mama wa kijiji walichota maji yote ya zege ile. Daftari la shule lenye mistari linatosha. Jina, siku, kazi. Lisomwe kwa sauti kila jioni mbele ya watu, ili asiyefanya asiandikwe na aliyefanya asisahauliwe. Na aliyepika aandikwe. Na aliyenyonyesha watoto wa wengine wakati mama zao wako kazini, naye aandikwe.

Nyumba ni ya nani?

Ninakuja sasa kwenye sehemu ambayo mimi kama mtu wa sheria siwezi kuiruka. Wazee walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Tufungue.

Karibu na mji wa Atlanta, Januari 2005, watu wapatao 1,800 walijitokeza kubomoa nyumba mbovu ya jamaa moja na kusimamisha nyumba nzuri ya ghorofa. Hakuna senti waliyodaiwa. Baadaye jamaa hiyo iliiweka nyumba rehani kwa mkopo wa dolari 450,000 ili kuendesha biashara. Biashara ikaanguka, na mwaka 2008 nyumba ikatangazwa kuuzwa kwa mnada. Jamaa nyingine kadhaa ziliona kodi ya nyumba na malipo ya umeme yamepanda kupita uwezo wao, kwa sababu nyumba ilikuwa kubwa na mshahara ulikuwa ule ule. Kwa hiyo zawadi inaweza kuwa nzito kuliko mgongo. Kabla ya kukubali nyumba, jamaa na iulize: paa likitoboka, nitapata wapi bati la kuziba? Kodi ya kiwanja ni kiasi gani? Nyumba ndogo ninayoweza kuitunza ni bora kuliko kubwa itakayonifukuza.

Habari ya pili inauma zaidi. Huko California walikuwa ndugu watano waliofiwa na baba na mama katika mwaka mmoja, 2004. Mkubwa alikuwa kijana wa miaka kama ishirini tu, na mdogo alikuwa bado mtoto wa shule. Mume na mke waliojuana nao kanisani waliwapokea kwao. Mwaka 2005 kipindi kilikuja, kikabomoa nyumba ya wale wenyeji na kujenga kubwa yenye vyumba tisa, kwa ajili ya mayatima. Nchi nzima ilitazama. Haukupita muda mrefu, vijana wakatoka katika nyumba ile wakilalamika kwamba wamefukuzwa, wakafungua mashtaka juu ya televisheni na juu ya wenyeji wao.

Mwaka 2006 mahakama ya rufani ya California iliamua jambo moja tu katika mashtaka hayo. Vijana walikuwa wametia sahihi mkataba wa kurasa 24 wenye vifungu 72, na karibu na mwisho, chini ya maneno «mambo mengineyo», palikuwa na kifungu kinachosema kwamba ugomvi utapelekwa kwa msuluhishi wa faragha, si mbele ya mahakama. Mahakama ilisema kifungu hicho hakiwezi kuwafunga, kwa kuwa kiliwekwa mahali pa kufichika, mbele ya vijana waliofiwa ambao hawakuwa na nguvu ya kujadiliana. Hiyo ilikuwa haki. Lakini angalia haikuwapa nini. Haikuwapa nyumba. Kiwanja kilikuwa cha wenyeji wao tangu mwanzo, na ukuta hufuata ardhi uliosimama juu yake. Maelfu ya mikono ilijenga kwa ajili ya mayatima, ila katika mikono yote hiyo haukuwamo mmoja ulioandika majina ya mayatima kwenye hati ya nyumba.

Ewe chifu, ewe mwenyekiti wa kamati, ukisahau yote niliyosema, usiisahau habari ya watoto hao watano. Maana kwetu wako wengi. Mtoto aliyelelewa na baba mdogo. Mjane anayekaa kwenye kiwanja cha ukoo wa marehemu. Jamaa iliyopewa pahali pa kuweka kibanda na mtu mwema, aliye hai leo na kesho atakufa, na watoto wake hawajui maneno aliyosema. Shirika linafika, linahesabu «walengwa», linajenga. Mwaka wa pili mwenye ardhi anakumbuka kwamba ardhi ni yake.

Mbandaka

Msidhani kwamba kazi ya kujenga kwa mikono ya wengi tumeletewa na televisheni. Tawi moja kubwa la kazi hiyo lilikomaa hapa Kongo. Mwaka 1973 Mmarekani mmoja aliyesomea sheria, Millard Fuller, alifika Mbandaka, katika Ekwateri, na mke wake Linda na watoto wao, kufanya kazi pamoja na kanisa la pale. Alikuwa tajiri, akaacha utajiri wake. Huko kwao Georgia, yeye na mkulima mhubiri aitwaye Clarence Jordan walikuwa wamefikiri namna ya kujenga bila faida: maskini hapewi nyumba bure, anaikopa bila riba, anafanya kazi kwa mikono yake pamoja na waliokuja kumsaidia, na kile anacholipa kidogo kidogo kinaingia katika mfuko wa kujengea jirani anayefuata. Huko Mbandaka waliijaribu kwa nyumba nyingi za matofali ya saruji. Waliporudi kwao mwaka 1976 wakaanzisha shirika la Habitat for Humanity, ambalo limejenga katika nchi nyingi za dunia. Rais wa zamani Jimmy Carter, aliyefariki Desemba 2024, alikwenda New York mwaka 1984 na shirika hilo kutengeneza jengo bovu kwa ajili ya jamaa 19, akilala na wenzake mahali pa kawaida na kushika nyundo kama wao. Picha zake ndizo zilizowafanya wengi walijue shirika. Hivyo mbegu moja ilikwenda Marekani ikitoka kwenye udongo wetu, na ni vizuri tuijue.

Lakini kinachonigusa katika habari ya Mbandaka ni kiwanja. Miji ya Wabeleji, kama mnavyojua ninyi wa Lubumbashi na Kinshasa, iliachwa na ukanda wa ardhi tupu kati ya mtaa wa Wazungu na mtaa wa Weusi. Walisema ni kwa sababu ya mbu na magonjwa. Nyumba za Mbandaka zilijengwa juu ya ukanda wa namna hiyo. Fuller ameandika katika kitabu chake, Bokotola, kwamba hilo ndilo lilikuwa jina la mahali pale, na maana yake ni mtu asiyejali wenziwe. Nyumba ziliposimama, mahali pakapewa jina jipya, Losanganya, ndiyo kusema mwenye kuwaunganisha watu. Ardhi iliyowekwa ili watu wasikaribiane ikawa mahali pa kuazimana chumvi.

Kwenye kiwanja chako

Basi tufike nyumbani. Siwaambii rudini kesho. Kurudi ni kwa hiari, na usalama hutangulia. Mtu yeyote asikusukume kurudi kwa kukunyima chakula mahali ulipo. Nasema juu ya siku ile utakapojenga, iwe ulikotoka au mahali papya.

Jambo la kwanza ni fundi na mkate wake. Yule fundi wa Marekani alitoa juma moja, kisha akarudi kwenye mshahara. Mwashi wa kwetu ni mhamishwa kama wewe, na mwiko ndio shamba lake. Ukimwambia ajenge nyumba ishirini bure kwa jina la amani, unawaibia watoto wake. Tena ukiwaleta vijana wengi wa kujitolea kufanya kazi ya mwashi, umemfanya awe adui wa nyumba ile. Afadhali mkae mapema na kugawa: kuchimba msingi, kubeba mawe, mchanga na maji, kufyatua matofali, kusafisha, hiyo iwe kazi ya pamoja, isiyolipwa mtu yeyote. Kupiga pembe, kushika timazi na nivo, kufunga paa, hiyo ni ya fundi, na alipwe bei inayojulikana na wote. Bei ya siri ndiyo inayoleta maneno. Mkiweza, mfundi kila mmoja apewe vijana wawili wa kujifunza. Kijana aliyejifunza kusimamisha ukuta hana haraka ya kwenda msituni.

Jambo la pili ni jina la kazi yenyewe. Wazee wanakumbuka salongo ya wakati wa Mobutu, na wazee wao walikumbuka kazi ya lazima ya Wabeleji. Salongo ilikuwa na uzuri wake, barabara zilifagiwa. Lakini asiyefika alitozwa faini au kufungwa, na mara nyingi shamba lililolimwa lilikuwa la mkubwa. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 16, inakataza mtu kulazimishwa kazi. Kwa hiyo chifu asitume vijana kugonga milango asubuhi. Aite, aeleze nyumba ya nani inajengwa na kwa nini ni yake, aonyeshe daftari. Wakija kumi kwa kupenda, wale kumi watafanya zaidi ya mia moja walioletwa kwa fimbo.

Jambo la tatu ni uchaguzi. Kwenye televisheni wale ambao hawakuchaguliwa hawaonekani. Kijijini unakutana nao kisimani. Orodha isomwe hadharani, na sababu zisomwe pamoja nayo: mjane, mlemavu, mzee asiye na mtu, mwenye watoto wengi. Wawemo wa pande zote. Na hapa nasema kwa mashirika pia: wakumbukeni waliowapokea wakimbizi. Wahamishwa wengi wa nchi hii hawakulala kambini, walilala kwa watu. Mwenyeji alikula nao akiba yake ya mbegu, mbuzi wake akachinjwa, choo chake kikajaa. Ukimjengea mgeni nyumba ya bati huku mwenyeji amebaki kwenye majani yaliyooza, umewafundisha wote wawili kwamba wema ni hasara. Katika nyumba kumi, mbili au tatu ziwe za wenyeji. Nadhani hesabu hiyo ni ya haki. Kamati yenu ipime.

Na wa kujitolea watoke pande zote mbili zilizogombana. Wasipangwe kila kabila na ukuta wake, kama nilivyosikia watu wakipendekeza ili kuepuka fujo. Wachanganywe kwenye ukuta mmoja, wawili wawili, huyu anapokea tofali kutoka kwa yule. Mwanzoni hawatasemeshana. Waacheni. Tofali halihitaji maneno, na jua likiwa kali mmoja atamwomba mwingine maji.

Jambo la nne, karatasi. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973, katika kifungu cha 53, ilitangaza ardhi kuwa mali ya Serkali. Raia hupewa haki ya kuitumia, na haki hiyo huthibitishwa kwa hati ya uandikishaji, ile watu wanaita setifika. Kwa ardhi ya vijijini, kifungu cha 389 kiliahidi kwamba Rais wa Jamhuri atatoa amri ya kupanga haki za wanavijiji, na miaka makumi ikapita bila amri hiyo. Katika pengo hilo ndimo wengi walimopoteza mashamba. Tena vita huchoma karatasi, na mlima pia: lava ya Nyiragongo ya tarehe 17 Januari 2002 ilipopita katikati ya Goma, alama za mipaka zilizikwa chini ya jiwe.

Hata hivyo huna mikono mitupu. Kabla ya kuchimba msingi, fanyeni prosevebali ya kiwanja. Waitwe majirani wa pande nne, chifu, na mtu wa kila upande uliogombana. Tembeeni kwenye mpaka kwa miguu. Andikeni paseli inaanzia wapi na kuishia wapi, nani ameikaa tangu lini, na nyumba itakuwa ya nani: jina la mume na la mke, wote wawili. Kama ni mayatima, majina yao yaandikwe moja moja, na mlezi aandikwe kama mlezi, si kama mwenye mali. Kama kiwanja ni cha kuazimwa, iandikwe kwa muda gani, na nani atachukua mabati na milango muda ukiisha. Wote watie sahihi au kidole. Nakala tatu: moja kwa jamaa, moja kwa chifu, moja mahali pa mbali, kwa mfano parokia au kwa mwanasheria. Karatasi hiyo haichukui nafasi ya setifika, lakini mbele ya hakimu ni ushahidi wenye uzito kuliko kiapo cha mtu mmoja.

Kwa wajane naongeza neno. Kodi ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, humpa mwenzi aliyebaki haki ya kutumia nyumba waliyokaa pamoja. Shemeji anayekuja siku ya arobaini kutaka ufunguo hana sheria nyuma yake. Chifu anayemsindikiza hana vilevile.

Na ukirudi ukakuta mtu mwingine anakaa kwenye kiwanja chako, usitume vijana wala usitafute askari rafiki. Mara nyingi huyo naye amefukuzwa kwingine. Mkataba wa Umoja wa Afrika uliopitishwa Kampala mwaka 2009 unataka nchi ziweke njia nyepesi za kumaliza mabishano ya mali za wahamishwa. Upatanishi mbele ya chifu na kamati, ukiandikwa, ni mojawapo ya njia hizo. Mwombeni muda wa kuvuna alichopanda. Na ikiwezekana, jina lake liingie katika orodha ya wanaosubiri nyumba, katika kiwanja kingine, na yeye aje kubeba mawe ya nyumba yako, nawe uje kubeba ya kwake.

Juma lijalo tutaendelea na mipaka: namna ya kuipima upya mahali ambapo miti na mawe ya alama yametoweka, na ni shahidi gani wa kuaminiwa. Mwenye swali aliandike, amtaje chifu wake na kijiji chake, alipeleke kwa mwakilishi wa kamati. Asiyejua kuandika amwambie mtoto wa shule amwandikie. Kwaherini kwa leo.